Idara ya Kompyuta Inapotaka Kozi Mpya: Hatua kwa Hatua

Kozi mpya katika idara ya kompyuta mara nyingi huzaliwa kikaoni, kwenye "mengineyo". Mmoja anasema vyuo vingine vimeshaanza sayansi ya data, mwingine anaongeza usalama wa mtandao, wa tatu anasema akili mnemba haiepukiki, na mwenyekiti, ambaye anaona muda wa adhuhuri unapita, anafunga kwa kusema: "Basi andaeni mihtasari." Baada ya wiki chache idara ina majina sita ya kozi, na kila jina lina maelezo ya nusu ukurasa yaliyonakiliwa kutoka tovuti ya chuo cha ng'ambo. Kazi huharibikia hapo, kwa sababu jina la kozi lilipaswa kuamuliwa mwisho.

Mwongozo huu ni kwa mkuu wa idara, mratibu wa mtaala, au mhadhiri aliyetwishwa kazi hiyo bila kuulizwa. Naandika nikiwa Tanga, na mifano yangu ni ya hapa. Aliye Bagamoyo, Mtwara au Iringa aondoe bandari na mkonge aweke vya kwake. Msimamo wangu ni huu: kozi ni saa, mwalimu, mashine, na kozi nyingine iliyokubali kupisha. Kikikosekana kimoja, kilichopitishwa na Seneti ya chuo ni jina.

Hatua ya 1: Nenda kasikilize matatizo

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutaka programu mpya ya shahada ije na ushahidi wa mahitaji ya soko na maoni ya wadau. Wengi wetu hutimiza hilo kwa dodoso lenye swali kama "Je, unaona umuhimu wa kufundisha akili mnemba?" na visanduku vinne vya kuweka tiki. Nani atasema hapana? Utarudi na asilimia kubwa ya "ndiyo sana" na hutakuwa umejua kitu.

Kwa hiyo funga dodoso, toka ofisini. Tanga ina bandari iliyopanuliwa, viwanda vya saruji na chokaa, kiwanda cha maziwa, mashamba ya mkonge, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, halmashauri ya jiji, mabenki, SACCOS, kampuni za mabasi pale stendi ya Kange, na huko Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima, Uganda. Kote huko kuna kompyuta, na kote kuna mtu anayezilalamikia. Mtafute huyo. Mkurugenzi atakupa hotuba; karani wa mizani na mhasibu watakupa habari.

Maswali yenyewe ni machache. Mara ya mwisho mfumo wenu ulipogoma, ilikuwaje, na nani aliutengeneza? Kazi gani ya kompyuta mnamlipa mtu aje kutoka Dar es Salaam kuifanya? Na hili ndilo napenda kuliko yote: kijana aliyewajia kutoka chuo, miezi mitatu ya mwanzo mlimfundisha nini? Jibu la swali hilo ni orodha ya tulichoacha kufundisha.

Mfano. Msimamizi mmoja wa mabasi pale Kange, mtu mzima, baada ya shikamoo na kahawa, aliniuliza tunataka kufundisha nini. Nikamwambia tunafikiria mambo ya akili mnemba. Akacheka.

"Mwalimu, mimi roboti sina haja nalo. Nataka kijana anieleze kwa nini mfumo unatoa tiketi mbili kwa siti moja. Mmoja kakata hapa dirishani, mwenzake kakata kwa simu yuko Muheza. Wote siti namba 14, wote wana risiti, wote pesa imekatwa. Kondakta afanye nini? Amshushe nani?"

Kwa mtu wa kompyuta hilo tatizo lina sura inayojulikana. Maombi mawili yamefika karibu kwa pamoja. La kwanza limesoma siti 14 likaikuta wazi, la pili nalo limesoma likaikuta wazi kabla la kwanza halijaandika, kisha yote mawili yameandika. Dawa yake inajulikana pia: sharti la upekee kwenye safari na namba ya siti ndani ya hifadhidata, na muamala unaofunga rekodi ya siti hiyo mpaka malipo yakamilike au yafutwe. Jiulize sasa: mhitimu wako aliyepata A katika hifadhidata amewahi, hata siku moja, kukaa maabara akaona programu mbili zinagombea rekodi moja? Wengi wanajua kupanga majedwali katika umbo la tatu la kawaida na kuchora michoro mizuri. Ugomvi wa siti hawajauona.

Rudi na daftari lenye safu tatu: tatizo kama lilivyosemwa, maarifa yanayolitatua, na kozi ambayo ingepaswa kuyafundisha. Safu ya tatu ndiyo itakayoamua hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa hitaji

Ukishajaza safu ya tatu utagundua mahitaji mengi hayaombi kozi. Yanaomba wiki mbili ndani ya kozi iliyopo. Siti namba 14 ni mfano mzuri: ongeza mada ya miamala katika hifadhidata, punguza michoro, weka zoezi moja la maabara ambapo wanafunzi wawili wanajaribu kununua siti moja kwa sekunde moja. Mabadiliko hayo mhadhiri huyafanya kwa idhini ya idara, na yanaweza kuanza muhula ujao.

Watu hawapendi njia hii, nasema ukweli. Kuanzisha kozi kunaonekana kwenye wasifu wa mtu. Kurekebisha wiki ya tisa ya kozi ya mwenzako hakuonekani popote, na mwenzako atanuna. Lakini ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Kuna hitaji la kati, linalostahili kozi nzima. Ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na data, ni mojawapo: una hisabati yake, desturi zake za kupima, na makosa yake ambayo hayafanani na makosa ya kozi nyingine. Usalama una sura mbili: mada zake za msingi zitawanywe katika kozi za upangaji programu, mitandao na hifadhidata, kisha iwepo kozi ya hiari kwa anayetaka kuzama.

Na kuna shahada mpya. Hapo simama ufikirie mara mbili, maana shahada mpya haiwezi kudahili mwanafunzi hata mmoja kabla TCU haijaipa ithibati, na ithibati inaangalia walimu, maabara, maktaba na mtaala mzima. Kama kozi tatu za hiari ndani ya shahada iliyopo zinamaliza hitaji, zitumie hizo.

Hatua ya 3: Tandika ramani ya taaluma

ACM, jumuiya ya kimataifa ya wanakompyuta, ilitoa mapendekezo yake ya kwanza ya mtaala wa sayansi ya kompyuta mwaka 1968, na tangu hapo yamekuwa yakiandikwa upya. Toleo la 2013 liligawa taaluma katika maeneo 18 ya maarifa. Toleo la CS2023, lililoandaliwa na ACM pamoja na jumuiya za IEEE Computer Society na AAAI (ya watu wa akili mnemba), lina maeneo 17, na linatenga mada za kiini ambazo kila mhitimu anapaswa kuzijua popote alipo duniani.

Chapisha orodha ya maeneo hayo, ibandike ukutani, kisha kila mhadhiri aandike kozi yake chini ya eneo inapoangukia. Kazi ya alasiri moja. Mtaona pale mlipojazana, kwa kawaida upangaji programu na mifumo ya taarifa, na pale pasipo na mtu: uchakataji sambamba, takwimu, au eneo la jamii, maadili na taaluma. Hilo la mwisho usilijaze kwa sheria za Marekani. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mhitimu atakayeshika kanzidata ya wagonjwa au wateja anatakiwa azijue kabla hajaajiriwa.

Ramani ni ya kuonyesha mashimo. Usiitumie kama orodha ya sokoni ya kununua kila kitu.

Hatua ya 4: Hesabu saa

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika, na ni bora ivunjike hapa kuliko mbele ya Seneti.

Kwa mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, zikiwemo anazokaa darasani, anazokaa maabara na anazojisomea usiku. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula. Muhula wenye krediti 60 unamtaka mwanafunzi saa 600. Ukiwa na wiki 15 za masomo, hizo ni saa 40 kwa wiki: kazi ya mtu mzima ya kudumu.

Sasa leta kozi mpya ya krediti 12 kwenye muhula huo uliojaa. Ni saa 120 zaidi, saa nane kila wiki. Zitatoka wapi? Kwenye karatasi zitakaa vizuri. Kwa mwanafunzi ni siti namba 14: umeiuza mara mbili, na atakayeshushwa njiani ni kozi ngumu kuliko zote, maana ndiyo anayoiacha kwanza akizidiwa.

Kwa hiyo kanuni ya idara iwe hivi: hakuna pendekezo la kozi mpya linalosomwa kikaoni kama halikutaja, kwa jina na msimbo, kozi inayoondoka, inayopunguzwa krediti au inayohamia kwenye orodha ya hiari. Mjadala utakuwa mkali. Vizuri, acha uwe mkali mapema. Kozi ya kuanza nayo ni ile ya matumizi ya kompyuta ofisini mnayowafundisha wanafunzi wa kompyuta wenyewe. Nimeikuta kwenye mitaala zaidi ya mmoja na sijapata mtu wa kuitetea kwa dakika tano mfululizo.

Kisha gawa saa zenyewe. Tuseme kozi ni Ujifunzaji wa Mashine, krediti 12, wiki 15:

- mihadhara saa 2 kwa wiki: 30
- maabara saa 2 kwa wiki: 30
- semina saa 1 kwa wiki: 15
- mradi na kazi za kukusanya: 25
- kujisomea: 20

Jumla 120. Angalia hiyo ya mwisho. Saa 20 za kujisomea kwa muhula mzima ni kama saa moja na dakika ishirini kwa wiki. Ukimpa mwanafunzi sura mbili za kitabu kila wiki umeshadanganya kwenye jedwali lako mwenyewe. Ama punguza kusoma, ama punguza mihadhara. Mimi ningepunguza mihadhara.

Hatua ya 5: Andika mtihani kabla ya mada

Mihtasari yetu imejaa vitenzi visivyopimika: "mwanafunzi ataelewa", "atafahamu", "atathamini". Utampimaje mtu aliyethamini? Andika kitu ambacho ukikaa naye mezani utaona kama amekiweza au hajakiweza.

Kwa kozi yetu ya mfano, toleo la kawaida lingesema: "Mwanafunzi ataelewa misingi ya ujifunzaji wa mashine na matumizi yake." Linganisha na hili: "Akipewa takwimu za kila siku za maziwa yaliyopokelewa kituoni kwa mwaka mzima, mwanafunzi atatenga za kufunzia na za kupimia bila kuchanganya siku za mbele na za nyuma, atafunza modeli mbili, na ataonyesha kwa namba ipi imekariri na ipi imejifunza."

Sentensi ya pili inakuandikia kozi. Kutenga data kwa mfuatano wa siku ni wiki nzima, kwa sababu anayechanganya siku ovyo anaipa modeli majibu ya kesho kisha anashangaa imefaulu. Kukariri dhidi ya kujifunza ni wiki nyingine mbili. Na maziwa yenyewe yana adabu yake: hupanda na kushuka na malisho, malisho hufuata masika na vuli, na mwanafunzi asiyejua hilo ataona mawimbi kwenye mchoro akadhani ni hitilafu ya mashine. Wafugaji wa Tanga wangemweleza kwa dakika moja.

Matokeo matano yanatosha kwa kozi moja, sita ukizidi. Yakishakubaliwa, andika maswali ya mtihani wa mwisho, yote, kabla hujagusa ratiba ya mada. Mada isiyomsaidia mwanafunzi kujibu swali lolote, na isiyo msingi wa nyingine, itoe. Waraka rasmi utauandika kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo vyombo vya chuo vinavyousoma, lakini mabishano yamalizeni kwa Kiswahili kwanza. Mtu akilazimika kueleza wazo lake bila kujificha nyuma ya istilahi, utajua kama analo.

Hatua ya 6: Masharti ya awali

Chora mishale. Ujifunzaji wa Mashine unahitaji takwimu na uwezekano, vekta na matriksi, na upangaji programu usiopungua mihula miwili. Kama takwimu ipo mwaka wa tatu, kozi hii haiwezi kukaa mwaka wa pili hata kama ndipo penye nafasi.

Halafu mtafute mwanafunzi aliyefeli. Kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka. Aliyeanguka kozi ya kwanza, sapu nayo ikamshinda, anasubiri mwaka mzima kuirudia. Ukiwa na mnyororo wa kozi nne zinazofuatana, kuteleza mara moja mwanzoni kunamchelewesha kuhitimu, na mkopo hausubiri. Weka sharti pale tu ambapo bila hilo mwanafunzi hataelewa wiki ya kwanza. Kwingine andika "inashauriwa".

Mkumbuke pia anayeingia na EGM (uchumi, jiografia, hisabati) na anayeingia na PCM (fizikia, kemia, hisabati). Hawaji na fizikia ileile, ila hisabati wanayo wote.

Hatua ya 7: Walimu wawili kwa kila kozi

Tanga watu husema waja leo, waondoka leo, na wahadhiri wa kompyuta wanalithibitisha kuliko wageni wengine wote. Akipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamivu, au benki ikimwita, ameondoka, na kozi aliyoianzisha inabaki kwenye mtaala kama deni. Kila kozi mpya itaje watu wawili wanaoweza kuifundisha. Wa pili si lazima awe bingwa. Akae kwenye maabara mwaka wa kwanza, asahihishe, aandike nusu ya mazoezi.

Jaribu la mhadhiri wa muda anayekuja kutoka Dar es Salaam lipo, najua. Ni zaidi ya kilomita 300 za barabara. Atakachofanya ni kurundika saa za mwezi mzima katika Ijumaa na Jumamosi moja, na maabara haifundishiki hivyo. Mtumieni kwa mihadhara maalumu miwili mitatu, au awe msimamizi wa miradi kwa mbali.

Jumlisha mzigo wa kila mtu baada ya kozi mpya kuingia. Kama jedwali linahitaji mwajiriwa ambaye kibali chake bado kinasubiriwa, panga kozi ianze mwaka unaofuata kuja kwake.

Hatua ya 8: Maabara, umeme na bando

Hii iandikwe na fundi wa maabara. Mwiteni kikaoni, mpeni kiti, msimwite mwisho kuulizwa kama "mashine zipo".

Mashine zilizopo kwenye leja na zinazowaka ni hesabu mbili tofauti, hasa pwani ambako joto na hewa ya chumvi vinakula feni na viunganishi. Tumia ya pili. Tuseme zinazowaka ni 30 na darasa lina wanafunzi 90. Hayo ni makundi matatu, kila kundi saa mbili, jumla saa sita za maabara kila wiki kwa kozi moja, pamoja na mtu wa kuwa ndani saa zote hizo. Maabara inayofunguliwa saa 50 kwa wiki inabeba kozi nane za namna hiyo na kubakiwa na saa mbili tu za wanafunzi kuingia kufanya miradi yao. Kozi sita zilizopitishwa kwenye "mengineyo" peke yake zingemeza saa 36.

Usipange kwa kudhani kila mwanafunzi ana kompyuta mpakato. Wapo wenye nazo, wapo wanaoshirikiana watatu, na bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo, lina kazi nyingi kabla halijafika dukani. Mazoezi yote ya lazima yawezekane kumalizika ndani ya saa za maabara.

Intaneti ndiyo inayoua kozi za data. Wanafunzi 30 wakiagizwa kupakua maktaba za Python kwa wakati mmoja, saa ya kwanza imekwisha wakitazama mstari unaosogea. Fundi aweke seva moja ya ndani: nakala ya maktaba mnazotumia, data zote za kozi, vitabu vya wazi, na hazina ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ya kukusanyia kazi. Vinapakuliwa mara moja, usiku, kisha vyote vinapita kwenye waya wa ndani. Kompyuta ya kawaida yenye diski kubwa na UPS, betri ya akiba, inatosha kuanzia. UPS usiisahau, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika hifadhidata mtajifunza somo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

Mashine zenye vichakataji vya michoro si lazima kwa kozi ya kwanza. Mkusanyiko wa MNIST una picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, kila moja pikseli 28 kwa 28, na kompyuta ya kawaida inafunza modeli nzuri juu yake ndani ya kipindi. Kwa sauti, mradi wa Common Voice wa Mozilla una rekodi za Kiswahili zilizotolewa na wasemaji wenyewe. Chukueni sehemu ndogo, mzima ni mzigo. Kwa maandishi, jumuiya ya Masakhane imetoa data za kutambua majina ya watu na mahali kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mwanafunzi akiona modeli inashindwa kutofautisha Korogwe na jina la mtu, anaelewa tatizo haraka kuliko kwa mfano wa kitongoji cha Boston.

Data za hapa nyumbani zina ruhusa zake. Takwimu za wagonjwa haziingii kwenye mradi wa darasa kwa mazungumzo ya koridoni. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha kimaadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo inayosimamia hilo kitaifa. Kwa zoezi la darasani, tengenezeni data ya kubuni inayofanana na ya kweli na muiandike wazi kuwa ni ya kubuni.

Hatua ya 9: Upimaji usionunulika

Programu za mazungumzo za akili mnemba zinaandika msimbo wa kazi ya nyumbani vizuri kuliko wanafunzi wetu wengi. Kukataza peke yake hakusaidii. Kilichonisaidia mimi ni kujitetea kwa mdomo: mwanafunzi analeta kazi yake, unachagua mstari mmoja, unamwambia aubadilishe mbele yako na aseme nini kitatokea kabla hajauendesha. Dakika kumi kwa kila mmoja. Kwa wanafunzi 90 ni saa 15, kwa hiyo ziingie kwenye mzigo wa mwalimu tangu mwanzo, zisiwe hisani. Alama nyingi za mradi ziwe hapo, chache kwenye faili lililokusanywa.

Hatua ya 10: Safari ya karatasi

Idara, bodi ya kitivo, kamati ya Seneti inayoshughulikia taaluma, Seneti, na kwa programu mpya, TCU. Kila chuo kina majina yake kwa vyombo hivi na kila chombo kina tarehe yake ya kukutana. Zipate zote kabla hujaanza, kisha hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kozi ianze. Ukikosa kikao kimoja umepoteza muhula.

Onana na ofisi ya udhibiti ubora mapema, uwaulize mstari ulipo kati ya mabadiliko madogo yanayomalizikia Seneti na makubwa yanayokwenda TCU. Na mpe waraka msomaji mmoja asiye mtu wa kompyuta. Mwanahisabati wa jengo la jirani atakuuliza kwa nini takwimu imewekwa baada ya kozi inayoitumia, na ni afadhali aulize yeye.

Hatua ya 11: Muhula wa kwanza

Anza na darasa dogo. Kama kozi inaweza kutolewa kwanza kama ya hiari kwa wanafunzi 25 au 30, ifanye hivyo kabla ya kuifanya lazima kwa 90. Weka jalada la kozi kwenye seva ileile ya maabara, wala si kwenye kompyuta ya mhadhiri: muhtasari, mazoezi na majibu yake, data, mtihani, mgawanyo wa alama, na ukurasa mmoja kwa kila wiki unaosema kilichofundishwa kweli, zoezi lililochukua muda kuliko ilivyopangwa, na mashine ngapi ziliwaka. Mwalimu wa pili ndiye aandike ukurasa huo, kila Ijumaa kabla ya kufunga maabara.

Katikati ya muhula, wiki ya saba au ya nane, waulize wanafunzi swali moja bila majina: saa ngapi kwa wiki zinakwenda kwenye kozi hii? Weka majibu kando ya jedwali la saa 120. Yakizidi kwa mbali, punguza zoezi moja wiki hiyohiyo. Mwisho wa mwaka wa kwanza wa kozi, chukua daftari la safu tatu urudi Kange, bandarini na kwenye kiwanda cha maziwa, uwaonyeshe wanafunzi walifanya nini na uwaombe nafasi za mafunzo kwa vitendo. Nafasi za mwezi wa saba huanza kuombwa mapema, kwa hiyo nenda mwezi wa pili au wa tatu, na barua ya chuo iwe imeshagongwa mhuri.